Simu Iliyogoma Mulot

Na Mwandishi Wetu

HUKU pwani jina la Mulot halitajwi bila ya mtu kupapasa mfuko wake. Apigiwapo mtu simu na asiyemjua, akaambiwa kuwa laini yake ina kasoro na ataje namba yake ya siri ili itengenezwe, huikata na kuwaambia waliomzunguka: "Hao ni watu wa Mulot." Jina la mji limegeuka kuwa jina la wizi, na wengi wetu hatujapata hata kuuona mji wenyewe.

Mimi nimeuona. Nilikwenda huko pamoja na ami yangu, mfanyabiashara wa viazi katika soko la Kongowea, aliyekuwa akitafuta mzigo kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Msomaji wa Mombasa hana haja ya kuelezwa kiazi kina kazi gani wakati wa futari. Bila ya viazi karai na viazi vya rojo magharibi yetu haiwi magharibi. Tulidhani kwamba tukipatwa na jambo huko, basi litakuwa la wizi. Lililotupata lilikuwa la simu iliyobadilishwa programu usiku mmoja, kisha ikakataa kurudi ilivyokuwa jana. Nalieleza hapa kwa sababu laweza kumpata yeyote mwenye simu ya kisasa, na kwa sababu tuna deni la shukrani kwa kijana mmoja wa mji ule.

MJI WA MPAKANI

Mulot ni mji mdogo wa biashara ulioko njiani baina ya Narok na Bomet. Mto Amala hupita hapo, nao ndio mpaka wa kaunti hizo mbili. Maji yake hutoka katika msitu wa Mau, yakakutana na ya mto Nyangores kuufanya mto Mara, ule unaopita katika mbuga ya Maasai Mara, ukaingia Serengeti na kumwagika katika Ziwa Viktoria. Ukiupita mji na kuelekea Bomet hadi Kericho, nchi yazidi kuwa ya kijani mpaka macho yakachoka: ni chai mlima kwa mlima. Majani hayo mwisho wake huteremka kwetu, yakauzwa katika mnada wa chai wa Mombasa na kupakiwa melini Kilindini. Kwa hivyo watu wa huko na sisi si wageni kabisa.

Wakazi wa hapo ni wakulima, wafugaji na wenye maduka, wengi wao Wakipsigis na Wamaasai. Ni kweli pia kwamba wapelelezi wa serikali wamekwisha kutangaza mara nyingi kuwakamata watu wa sehemu hizo wanaotuhumiwa kwa wizi wa laini. Mwizi wa namna hiyo hakunyang'anyi simu. Hukupigia akijifanya mhudumu wa kampuni, akakutoa namba ya kitambulisho na namba ya siri, kisha akafanya hila namba yako ya simu ihamishiwe kwenye kadi nyingine aliyo nayo yeye. Hapo simu yako hukosa mtandao ghafula, na yake ikaanza kupokea simu zako, ujumbe wako na fedha zako. Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya makosa ya kompyuta na mitandao mwaka 2018, lakini sheria humshika mwizi baada ya kuiba.

Nakuomba msomaji uishike akilini dalili hiyo moja: simu kukosa mtandao ghafula.

USIKU WA SASISHO

Tulilala katika nyumba ya wageni kando ya barabara kuu. Baada ya sala ya Isha ami aliketi kitandani, na simu yake ikamletea ujumbe ambao ilikuwa ikimletea kwa siku nyingi: kuna sasisho jipya la simu, je, liwekwe sasa au baadaye? Siku zote hujibu baadaye. Usiku ule nyumba ya wageni ilikuwa na intaneti ya bure, naye amechoka kusumbuliwa. Akabonyeza "sasa", akaitia simu kwenye chaji, akalala.

Alfajiri tuliikuta simu imewaka, uso wake umebadilika rangi, na pale juu panapoonyesha nguvu za mtandao pana alama ya mkato. Programu ya nyakati za sala ilifunguka ikajifunga yenyewe. WhatsApp nayo vivyo hivyo. Ami aliizima, akaiwasha. Hali ikawa ile ile.

Fikiri mwenyewe alama ile ina maana gani kwa mtu aliyelala Mulot. Tena laini ile haikuwa na fedha za viazi peke yake. Ami ndiye mweka hazina wa chama cha maziko cha mtaani kwetu, na watu wapata 40 humtumia michango yao kila mwezi, ili siku ya mauti pasikosekane sanda wala gari la kumpeleka maiti makaburini. "Fedha za sanda za watu," aliniambia kwa sauti ya chini, "nami nimekuja kulala nazo Mulot!"

Tukaswali, tukatoka kumtafuta fundi.

KIBANDANI KWA FUNDI

Kibanda kilikuwa cha mabati, kina meza ya kioo iliyojaa simu zilizofunguliwa matumbo, na kompyuta moja kuukuu. Mwenyewe alikuwa kijana wa miaka 20 na ushei. Ami aliishika simu kwa mikono miwili, kama mtu abebaye yai, wala hakutaka kuiachia. Kijana alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafanya jambo tusilolitazamia. Kabla ya kuiwasha simu alichukua sindano, akaitoa laini, akaitia ami mkononi.

"Mzee, kwanza kaa na laini yako," alisema. "Mimi natengeneza simu. Laini si kazi yangu."

Akauliza kama tunayo simu nyingine. Nilikuwa na simu yangu ndogo ya vibonye, yenye tochi, zile tuziitazo mulika mwizi. Laini ikatiwa humo, na kitambo kidogo mtandao ukasimama wote. Ami akatazama salio: hakuna senti iliyopungua. Laini ilikuwa salama. Simu ndiyo iliyougua.

Hapa pana jambo ambalo wengi wetu tumelisahau. Fedha za M-Pesa, huduma iliyoanza mwezi Machi 2007, hazikai ndani ya simu. Zimo katika hesabu za kampuni, na ufunguo wake ni laini pamoja na namba ya siri. Simu ikifa fedha hazifi. Mkulima wetu alilipwa asubuhi ile ile kwa mulika mwizi, mbele ya magunia yake.

Ami alishusha pumzi. Akamtazama yule kijana, akasema, "Mwanangu, nisamehe. Nimekuja kwako na dhana mbaya."

"Tumezoea, mzee," kijana akajibu, bila ya hasira. "Nikienda Nairobi nikasema natoka Mulot, watu wanaficha simu."

Dini yetu imetukataza kumdhania mtu ubaya bila ya hoja, na sote wawili tulinyamaza tukilikumbuka hilo.

KWA NINI JANA HAIRUDI

"Basi irudishe simu ilivyokuwa jana," ami alimwambia. "Jambo jipya silitaki."

Kijana akatikisa kichwa. Akaeleza kwamba kuna masasisho ya aina mbili. Liko la programu moja moja, na liko la programu kuu inayoiendesha simu nzima. La kwanza mara nyingi laweza kuondolewa. La pili ni shida.

Akaanza na lile jepesi. Katika mipangilio ya simu nyingi za Android, ukifungua orodha ya programu na kuchagua moja iliyokuja na simu kutoka kiwandani, utaona nafasi ya kuondoa masasisho yake, nayo ikarudi kwenye toleo la mwanzo. Dawa hii ilipata kusaidia watu wengi mwezi Machi 2021. Wakati huo sehemu ya Android iitwayo WebView, ambayo programu nyingi huitumia kuonyesha kurasa za intaneti, ilipata sasisho bovu, na programu zikawa zajifunga zenyewe katika nchi mbalimbali. Walioliondoa sasisho lile walipona kwa dakika chache, kabla ya Google kuleta lililosahihishwa. Kwa simu ya ami pia dawa ilifanya kazi nusu: programu za sala na za ujumbe zilitulia. Mtandao haukurudi.

Sasa ikabaki ile programu kuu. Kwa nini isirudishwe? Sababu ya kwanza ni kufuli. Tangu Android 8.0 iliyotoka mwaka 2017, uliwekwa utaratibu wa simu kukumbuka namba ya toleo lake. Toleo jipya likiingia, mtengenezaji aweza kuipandisha namba hiyo, na tangu hapo simu hukataa kuwaka kwa toleo lenye namba ya chini. Mwezi Agosti 2022 wenye simu za Pixel 6 walionywa kwamba wakipanda Android 13 hawataweza kuteremka tena Android 12. Kwa iPhone, kila toleo linapowekwa huombewa idhini kwa Apple wenyewe. Siku wanapoacha kuliidhinisha toleo la zamani, limekwisha, hata kama unalo katika kompyuta yako.

Kufuli hiyo haikuwekwa kwa ubaya mtupu. Toleo la zamani huwa na matundu ambayo wezi wamekwisha kuyajua. Lau kurudi nyuma kungekuwa rahisi, mwenye kuokota au kuiba simu yako angeirudisha kwenye toleo bovu, akaingia kwa tundu lile, na akatoka na siri zako. Mlango uliofungwa kwa ajili ya mwizi ndio uliomzuia ami.

Sababu ya pili ni gharama. Ziko simu ambazo fundi aweza kuzifungua na kuzitia toleo la zamani kwa kompyuta, kazi ambayo mafundi huiita kuflashi. Lakini kufungua kufuli hiyo, katika simu nyingi, hufuta kila kilichomo. Tena baadhi ya programu za benki hukataa kufanya kazi katika simu iliyofunguliwa namna hiyo.

"Mzee," kijana akauliza, "ndani ya simu kuna kitu unapenda?"

Ami akainamisha kichwa. Ndani ya simu ile mlikuwa na sauti ya nyanya yangu, mama yake. Katika miaka yake ya mwisho alijifunza kutuma ujumbe wa sauti, na kila alfajiri alimtumia mwanawe maneno yale yale: Umeamka? Umeswali? Mwenyezi Mungu alipomchukua, sauti zile zikabaki, na ami alikuwa hajazihifadhi mahali pengine popote.

"Basi usikubali mtu aiflashi," kijana akasema. "Si mimi, si mwingine."

Angeweza kuchukua malipo makubwa na kuifanya kazi, wala sisi tusingejua lililopotea mpaka limekwisha potea. Badala yake aliunga simu na kompyuta kwa waya, akazinakili sauti zote na picha zote kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, akamsikilizisha ami mbili tatu ili ahakikishe, kisha akafuta nakala iliyobaki kwake mbele ya macho yetu. Akatuambia tukae na mulika mwizi na tusubiri. Kosa la namna hii, alisema, likiwapata wengi, wenye simu hulisahihisha wenyewe.

MAKOSA YA WAKUBWA

Alisema kweli. Tarehe 24 Septemba 2014 Apple walitoa sasisho liitwalo iOS 8.0.1. Simu mpya za iPhone 6 zilizolipokea zikapoteza mtandao, kama ya ami, na zikaacha kutambua kidole cha mwenyewe. Kampuni ililiondoa sasisho hilo muda mfupi baadaye, ikawaelekeza watu namna ya kurudi toleo lililotangulia kwa kompyuta, na kesho yake ikatoa jingine. Kurudi kuliwezekana kwa sababu kampuni yenyewe iliuacha mlango wazi.

Tarehe 19 Julai 2024 dunia iliona kubwa zaidi. Kampuni ya ulinzi wa kompyuta iitwayo CrowdStrike ilipeleka faili moja bovu, na kompyuta zipatazo milioni 8.5 zenye programu ya Windows zikaanguka. Viwanja vya ndege, mabenki na hospitali katika nchi nyingi zikasimama. Kampuni iliirudisha faili ile kwa muda usiofika saa moja na nusu. Lakini kompyuta zilizokwisha kuanguka hazikuweza kuipokea dawa, na nyingi ilibidi mtu aiendee kila moja kwa mikono yake. Maji yakimwagika hayazoleki, hata na aliyeyamwaga.

KHIYARI YA MNUNUZI

Njiani kurudi, basi likiteremka Narok, ami aliniuliza swali lililonikaa. Yeye si mtu wa kompyuta lakini ni mtu wa chuo. Sheria ya biashara katika dini yetu, kwa madhehebu ya Imam Shafii tunayoyafuata pwani, ina mlango mzima wa khiyari. Iko khiyari ya mkutano, muda wa muuzaji na mnunuzi hawajaachana. Iko khiyari ya sharti, wanapokubaliana muda wa kuamua, usiozidi siku 3. Na iko khiyari ya aibu: ukigundua kuwa kitu ulichonunua kilikuwa na kasoro tangu mkononi mwa muuzaji, una haki ya kukirudisha. Neno letu hiari latokana na shina hilo hilo, na aibu tunayoijua ni ile ile kasoro ya Kiarabu.

"Sasa," akauliza, "mtu aliyeniuzia simu nzima, kisha akanitia kasoro ndani yake usiku nimelala, mimi khiyari yangu iko wapi?"

Mimi si mwanachuoni wala sitoi fatwa. Nilimjibu tu kwamba swali hilo limepata kuulizwa hata Ulaya. Mwezi Oktoba 2018 mamlaka ya ushindani wa biashara ya Italia iliwatoza Apple faini ya yuro milioni 10 na Samsung yuro milioni 5. Ilisema waliwahimiza wateja kuweka masasisho ambayo simu zao za zamani hazikuyaweza, bila ya kuwaeleza vya kutosha na bila ya kuwapa njia ya kuzirudishia simu hali yake ya awali. Ingawa hawakuitumia lugha ya chuoni, lawama ilikuwa ile ile.

YA KUFANYA

Hata hivyo simshauri mtu ayakatae masasisho daima. Mengi huziba matundu ya wezi, na simu isiyosasishwa kwa miaka ni nyumba isiyo na komeo. Linalofaa ni taratibu. Sasisho kubwa likija, subiri siku kadhaa usikie waliotangulia wamepatwa na nini. Usiliweke ukiwa safarini, wala usiku wa kuamkia shughuli. Kabla ya kulikubali, nakili picha, sauti na majina ya watu mahali pengine, kwenye kadi, kompyuta au hifadhi ya mtandaoni.

Mambo yakiharibika, anza na yaliyo mepesi: izime simu na kuiwasha, ondoa sasisho la programu inayosumbua, rudisha upya mipangilio ya mtandao. Usiiruhusu simu ifutwe kabla hujanakili vilivyomo. Ukikosa mtandao, tia laini katika simu nyingine. Ikisoma, simu ndiyo mgonjwa. Isiposoma, ikimbilie kampuni yako ya simu mara moja, huenda laini imehamishwa. Wateja wa Safaricom waweza kubonyeza *106# kuona ni laini zipi zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao. Ukienda kwa fundi, itoe laini mwenyewe, na namba ya siri usimpe mtu, awe wa Mulot au wa Mombasa.

Wahenga wetu walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Msala mpya ukija, tandika. Lakini mbacha uukunje uuweke.

SIMU KUTOKA MULOT

Tulifika Mombasa na viazi vyetu, na ami akakaa na mulika mwizi siku 9. Siku ya 10 sasisho lililosahihishwa likaja. Safari hii alinakili kila kitu kwanza, akasoma Bismillahi, akabonyeza. Mtandao ukarudi.

Wiki moja baadaye tulikuwa barazani baada ya Alasiri, simu yake ikalia. Jina lililotokea lilikuwa "Fundi Mulot". Aliyeketi ubavuni mwake alilisoma, akaruka: "Kata! Kata hiyo!" Ami akamwashiria atulie, akapokea. Kijana alikuwa akiuliza kama simu imepona.

"Imepona, mwanangu," ami alimjibu, na baraza zima likamsikiliza. "Na sauti ya mama ipo."